Sura ya 6: Nywila Zote Kwenye Kasha Moja?

“Nikiweka nywila zangu zote mahali pamoja, mwizi akiingia si ameondoka na zote?”

Swali hili huulizwa kila zinapotajwa programu za kutunza nywila, na wanaouliza si wajinga. Mtu aliyezoea kuweka fedha kidogo chini ya godoro, kidogo kwa shemeji na kidogo kwenye simu anajua kwa nini anafanya hivyo. Nywila, yaani neno la siri unaloandika ili kuingia kwenye baruapepe, Facebook au akaunti ya benki, nayo ni mali. Kwa nini mtu mwenye akili zake aikusanye?

Jibu langu ni kwamba nywila zako zimeshakusanyika siku nyingi. Hujaliona kasha lenyewe tu, na halina kufuli.

## Hujazitawanya kama unavyodhani

Jaribu kuhesabu akaunti zako. Baruapepe, Facebook, Instagram, TikTok, benki, mamlaka ya kodi, bodi ya mikopo ya wanafunzi, tovuti ya maombi ya kazi, duka la mtandaoni ulilonunua kitu mara moja ukasahau. Hakuna anayeweza kukumbuka nywila thelathini zisizofanana. Kwa hiyo wengi wana nywila moja na vijukuu vyake: Zuhura2015, zuhura2015!, Zuhura@2015. Jina la mtoto, mwaka aliozaliwa, na alama ya mwisho kwa sababu tovuti imelazimisha.

Kulazimishwa huko kuna historia yake. Mwaka 2003 Bill Burr, mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, aliandika mwongozo uliosambaa duniani: changanya herufi kubwa, tarakimu na alama, kisha badilisha nywila kila baada ya muda. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Watu walikuwa wakiongeza “1” mwishoni, mwezi unaofuata “2”, na wezi wakalijua hilo mapema kuliko wakubwa wa ofisi. Mwaka huohuo NIST ilibadili msimamo. Tovuti zetu nyingi bado zinafuata mwongozo wa 2003.

Turudi kwenye Zuhura2015 na vijukuu vyake. Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila za akaunti milioni 32, na ilikuwa imezihifadhi kama maandishi ya kawaida ambayo yeyote angeweza kuyasoma. Iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa 123456. Mwaka 2012 ikafuata LinkedIn, mtandao wa watafuta kazi. Kwanza ilidhaniwa zimeibwa nywila milioni 6.5, lakini mwaka 2016 zikaonekana sokoni za watu milioni 117. Muda mfupi baadaye akaunti za Twitter na Pinterest za Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, zilitekwa kwa muda. Waliozivamia walidai waliikuta nywila yake kwenye mzigo ule wa LinkedIn, naye alikuwa ameitumia kwingine.

Mwizi hakai akibahatisha jina la mwanao. Anachukua orodha ya baruapepe na nywila zilizoibwa kwenye tovuti moja dhaifu, anaipa kompyuta, na kompyuta inajaribu kila jozi kwenye Facebook, Gmail na benki usiku kucha. Kama nywila ya duka lile ulilosahau ndiyo ya baruapepe yako, amekwisha ingia. Na mwenye baruapepe yako anaweza kubonyeza “nimesahau nywila” kwenye akaunti zako nyingine zote.

Ukitaka kujua kama umeshakumbwa, fungua tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mtaalamu wa Australia, Troy Hunt. Unaandika baruapepe yako, inakuonyesha wizi ambao imekutwamo. Haikuombi nywila ili kukuonyesha hayo.

Huku kwetu kuna kasha jingine lisilo na kufuli, nalo halimo kwenye vitabu vya Wazungu: daftari la mhudumu wa stesheneri au saiba, yaani duka la intaneti. Kijana anakwenda kuomba mkopo wa chuo, au mfanyabiashara anakwenda kuwasilisha marejesho ya kodi kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Mhudumu anamfungulia akaunti, anamtungia nywila, anaiandika kwenye daftari “usije ukasahau”, na mwakani mteja anarudi kuulizia nywila yake mwenyewe. Wahudumu wengi ni waaminifu kabisa. Daftari lenyewe ndilo linalonitia wasiwasi, maana linakaa mezani na kila anayepita analiona.

## Kasha lenyewe linafanyaje kazi

Programu ya kutunza nywila ni kasha la kidijitali. Inakutungia nywila ndefu isiyo na maana yoyote kwa kila akaunti, inaikumbuka, na ukifika kwenye tovuti inaijaza yenyewe. Wewe unabaki kukumbuka moja tu, ya kufungulia kasha, inayoitwa nywila kuu.

Kasha hufungwa kwa usimbaji, yaani hesabu inayogeuza maandishi kuwa vurugu isiyosomeka mpaka apatikane mwenye ufunguo. Katika programu nzuri usimbaji hufanyika ndani ya simu yako kabla chochote hakijatumwa, kwa hiyo kampuni inahifadhi vurugu tu. Nywila kuu haina, na hata ikitaka kusoma yaliyomo haiwezi.

Faida moja huwa haitajwi ipasavyo. Programu huangalia anwani halisi ya tovuti kabla ya kujaza. Ukibonyeza kiungo cha “bando la bure” kilichosambazwa WhatsApp, kikakupeleka kwenye ukurasa unaofanana na Facebook kwa kila kitu, jicho lako litadanganyika lakini programu haitadanganyika: haitapendekeza nywila yoyote, kwa sababu anwani si ile iliyohifadhiwa. Ukimya huo ni onyo. Usiupuuze kwa kwenda kuinakili nywila kwa mkono.

## Na kasha likiibwa?

Limeshaibwa. Sura hii isingekuwa ya kweli bila kusimulia yaliyoikuta LastPass, mojawapo ya programu zilizokuwa maarufu zaidi duniani.

Agosti 2022 wadukuzi, yaani wavamizi wa kompyuta, waliingia kwenye mitambo ya waundaji programu wa kampuni hiyo. Kampuni ilisema makasha ya wateja yako salama. Wadukuzi hawakuishia hapo. Walimlenga mfanyakazi mmoja kati ya wanne waliokuwa na funguo za hifadhi ya nakala za makasha, wakaivamia kompyuta yake ya nyumbani kupitia programu ya burudani iliyokuwa na dosari, wakapandikiza kinasa-vitufe, yaani programu inayorekodi kila unachoandika. Wakapata nywila yake kuu. Desemba mwaka huo LastPass ikakiri kwamba nakala za makasha ya wateja zimechukuliwa.

Je, mwoga wa mwanzo wa sura alikuwa na haki? Nusu yake. Nywila zilizokuwa ndani zilikuwa zimesimbwa, na aliyekuwa na nywila kuu ndefu na nzuri aliwaacha wezi wameshika vurugu tu. Aliyekuwa na nywila kuu ya aina ya Zuhura2015 alikuwa taabuni, kwa sababu mwizi mwenye nakala ya kasha nyumbani kwake anaweza kujaribu ufunguo baada ya ufunguo bila mtu wa kumzuia.

Mambo mengine mawili yaliudhi zaidi. Anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa, hivyo wezi waliona nani ana akaunti benki gani. Halafu kuna suala la mizunguko. Programu hizi huifanyia nywila kuu hesabu nzito mara maelfu kwa maelfu ili kila jaribio la mwizi limgharimu muda. Bitwarden, kwa mfano, iliweka kiwango cha kawaida cha mizunguko 600,000 mwaka 2023. LastPass ilikuwa imepandisha kiwango chake hadi 100,100 mwaka 2018, lakini baadhi ya wateja wa zamani waliachwa kwenye 5,000 na wengine chini zaidi, bila kuambiwa. Waliodumu na kampuni ndio waliolindwa vibaya.

Kwa ufupi mpaka hapa: kutumia nywila moja kila mahali ni hatari kuliko kuziweka kwenye kasha lililosimbwa, lakini kasha nalo linaweza kuibwa, na likiibwa kinga yako ni nywila kuu na uangalifu wa kampuni uliyoichagua.

## Chagua kwa kuifikiria siku mbaya

Matangazo ya programu hizi hushindana kwa ukubwa wa tarakimu za usimbaji. Mnunuzi wa kawaida asipoteze muda hapo. Programu zote ninazozitaja katika sura hii zina usimbaji ambao mwizi wa kawaida hauvunji. Tofauti huonekana siku mambo yanapoharibika. Kwetu siku hizo zinajulikana.

Ya kwanza ni siku simu inapoibwa kwenye daladala au matatu. Kama kasha lilikuwa ndani ya simu peke yake, limekwenda nayo. Kama linahifadhiwa pia kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni zinazofikiwa kwa intaneti, unanunua simu nyingine, unaingia, unaendelea. Lakini kuna mtego. Kuingia kwa simu mpya mara nyingi kunahitaji uthibitisho wa pili, namba inayotumwa mahali fulani. Bitwarden, usipowasha uthibitisho wa hatua mbili, hutuma namba hiyo kwenye baruapepe yako. Sasa nywila ya baruapepe iko wapi? Ndani ya kasha. Na kasha linasubiri namba iliyoko kwenye baruapepe. Nimeona watu wazima wakizunguka duara hilo siku nzima. Nywila ya baruapepe iandikwe kwenye karatasi pamoja na misimbo ya dharura ambayo programu hukupa unapowasha hatua mbili, na karatasi hiyo ikae nyumbani panapokaa hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa.

Usitegemee ujumbe mfupi wa simu kuwa hatua ya pili. Matapeli huisajili upya laini ya mtu kwenye kadi yao, na kuanzia dakika hiyo namba zote za uthibitisho zinawafikia wao. Programu ya kutoa namba za muda, kama Google Authenticator, ni bora kwa sababu haitegemei laini.

Ya pili ni siku simu iko mikononi mwa mtu mwingine, bila wizi. Nyumba nyingi simu ni ya wote: mtoto anacheza gemu, mke au mume anajua mchoro wa kufungulia. Kitunza nywila cha Google kilichomo kwenye Android hufunguka kwa kufuli hilohilo la simu, na cha iPhone hivyohivyo. Anayejua kufuli la simu anajua kila kitu. Ikiwa simu yako inashikwa na wengi, tafuta programu yenye nywila yake yenyewe.

Ya tatu, kampuni inapobadili masharti. Machi 2021 LastPass iliwaambia wateja wa bure wachague: kompyuta au simu, si vyote viwili. Asiyetaka alipe kwa dola, kwa kadi, na si kila mtu ana kadi inayokubalika mtandaoni. Kabla ya kuingiza hata nywila moja, hakikisha programu ina njia ya kutoa kila kitu nje na kuhamia kwingine. Ikikosa njia hiyo, iache hata kama inasifiwa.

Ya nne ni siku utakayosahau nywila kuu. Kwa kuwa kampuni haina nywila hiyo, haiwezi kukurudishia. Hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga. Baadhi ya programu hutoa njia ya kumteua ndugu anayeweza kuomba kufungua kasha baada ya siku kadhaa usipojibu; Bitwarden inayo katika huduma ya kulipia. Karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mtu unayemwamini, inafanya kazi hiyohiyo bure, na itawasaidia watoto wako pia siku utakapokuwa haupo.

## Programu zenyewe

Sitazipanga kwa nyota kama mashindano ya nyimbo. Nitasema ninachokiona.

Bitwarden, iliyoanza mwaka 2016, ndiyo ninayompendekezea mtu asiye na mahitaji ya ajabu. Huduma yake ya bure haiwekei mpaka idadi ya nywila wala ya vifaa, na ni programu huria, yaani maandishi iliyojengwa nayo yako wazi na mtaalamu yeyote anaweza kuyakagua. Sura yake haivutii sana. Utaizoea.

Proton Pass, ya kampuni ya Uswisi, ilitoka mwaka 2023. Nayo ni huria, nayo ina huduma ya bure isiyobana, na inapendeza zaidi machoni. Ukiwa tayari unatumia baruapepe ya Proton, chukua hii.

KeePass ni mnyama tofauti. Iliundwa na Mjerumani Dominik Reichl mwaka 2003, ni ya bure moja kwa moja, haina kampuni wala wingu: kasha ni faili moja unalolitunza mwenyewe. Kwenye kompyuta utatumia KeePassXC, kwenye Android KeePassDX. Haihitaji bando, jambo zuri kwa aliye kijijini mtandao unapokatika. Ila nakala rudufu, yaani nakala ya akiba, ni jukumu lako. Mtu asiyewahi kuhifadhi picha zake mahali pa pili asijidanganye kwamba faili la KeePass atalihifadhi.

1Password ya Kanada haina huduma ya bure. Fedha yake inanunua kitu cha maana: mbali na nywila kuu kuna ufunguo mrefu wa siri unaotengenezwa kwenye kifaa chako, kwa hiyo hata makasha yakiibwa kama yale ya LastPass, kubahatisha nywila kuu pekee hakutoshi. Familia yenye uwezo, au ofisi ndogo, itapata thamani yake.

Vitunza nywila vya Google na Apple ni bora mara nyingi kuliko Zuhura2015, na tayari unavyo. Vinafaa kwa mwenye simu yake peke yake, mwenye kufuli refu la tarakimu sita au zaidi. Kasoro ya kile cha Apple ni kwamba ukihama kutoka iPhone kwenda Android, unahama na nyumba nzima.

Chochote utakachochagua, kipakue Play Store au App Store. Faili la programu ulilotumiwa WhatsApp na rafiki, hata kama ni rafiki wa kweli, lisiingie kwenye simu itakayobeba kasha lako. Na kasha lisifunguliwe kamwe kwenye kompyuta ya saiba: kinasa-vitufe kama kile kilichomnasa mfanyakazi wa LastPass kinaweza kuwa kimeshawekwa pale.

## Kuanza

Tunga nywila kuu kwanza. Mmarekani Arnold Reinhold alipendekeza mwaka 1995 njia ya kurusha dadu na kuchagua maneno kwenye orodha ya maneno 7,776; maneno matano yaliyopatikana hivyo yana michanganyiko zaidi ya trilioni moja mara milioni 28. Kwa Kiswahili, fungua kamusi bila kuangalia, weka kidole, andika neno, rudia mpaka yafike matano au sita: kwa mfano kinu tarishi embe fuo laki. Kamusi ichague, si wewe. Usitumie methali wala jina la kanga; hayo yameandikwa kila mahali, na kompyuta ya mwizi huanza na yaliyoandikwa.

Halafu fuata mpangilio huu:

- Badilisha nywila ya baruapepe, kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote.
- Fuata benki, kodi na akaunti za serikali, hasa zile zilizofunguliwa na mhudumu wa saiba.
- Mitandao ya kijamii baadaye. Nyingine zibadilishe kila utakapozihitaji; si lazima zote wiki hii.

Namba ya siri ya fedha za simu ibaki kichwani. Programu haiwezi kuijaza kwenye menyu za *150*00# au *334#, na haina sababu ya kuandikwa popote.

Utasikia pia habari za funguo za siri, teknolojia ambayo Apple, Google na Microsoft walitangaza mwaka 2022 kuiunga mkono kwa pamoja, inayokuwezesha kuingia kwa alama ya kidole bila nywila kabisa. Ni nzuri, na kasha lako litazihifadhi hizo pia. Usiisubiri ienee: akaunti zako nyingi bado zinataka nywila leo.

Tahadhari ya mwisho ni ya siku ya kuhamisha. Kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti kama Chrome, kitakupa faili lenye nywila zote ulizowahi kukihifadhia ili uliingize kwenye kasha jipya. Faili hilo halijasimbwa. Yeyote atakayelifungua atasoma kila kitu. Lifute mara tu uhamisho unapokamilika, lifute pia kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha zifute nywila zilizobaki ndani ya kivinjari.